Kufagiliwa Mbele ya Watu Bila Ridhaa Yangu

Doto Maduhu Malale,
Mpiga Dramu wa Kujitegemea,
Chumba cha nyuma, mashine ya kukoboa,
Mpanda.

Jumatano, 12 Juni 2024.

Shangazi Ng'washi Malale,
Magamba.

Ndugu Shangazi,

YAH: KUFAGILIWA MBELE YA WATU BILA RIDHAA YANGU

Mwangaluka. Najua hukuzoea kuandikiwa barua yenye kichwa cha habari, tena na mtoto uliyemwogesha mwenyewe kwenye beseni. Lakini mambo yamefika mahali ambapo simu hazisaidii, kwa sababu kila nikikupigia unaniuliza kama nimekula, nikishajibu unakata. Nimeona nitumie njia ya kiofisi.

Kwanza nijitambulishe upya, kwa kuwa inaonekana hunifahamu katika wadhifa wangu wa sasa. Mimi ni Doto, mtoto wa kaka yako Maduhu, Mungu amrehemu, pacha wa pili baada ya Kulwa. Ni mpiga dramu wa muziki wa jazi anayechipukia. Neno "anayechipukia" nililichagua mwenyewe baada ya Cletus, mwenye baa ninapopiga, kupendekeza neno "anayejaribu". Nina miaka ishirini na tisa, na nimechipukia kwa miaka sita sasa bila kutoa jani. Kila Jumamosi jioni napiga kwenye bustani ya Cletus, ile yenye uzio wa mabati ya bluu, si mbali na stesheni. Bendi yetu ina watu watatu: Egide wa Katumba kwenye gitaa la besi, Pudensiana kwenye kinanda, na mimi ninayewapoteza wote wawili.

Jazi, Shangazi, siyo jezi. Uliponiuliza mwaka juzi ni ya timu gani nilibadilisha mazungumzo kwa heshima. Ni muziki ambao mpiga ngoma anaruhusiwa kuzurura anavyotaka, ila lazima arudi nyumbani kwa wakati. Mimi kuzurura najua. Nimejifunza kwenye simu, na kwa kuwa bando langu huisha katikati ya kila somo, nafahamu mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa mambo machache sana. Ndiyo maana nyimbo zetu huisha Egide akichoka.

Sikatai kwamba maonyesho yangu yamekuwa na changamoto. Kwenye harusi moja hapo hapo Magamba, nilipoanza kupiga peke yangu, mshereheshaji alidhani vyombo vimeanguka akaja mbio kunisaidia kuokota. Tulipoalikwa Sitalike kwenye nyumba ya wageni, watalii wanne walitupigia makofi marefu sana, wakanyanyuka, wakatushukuru, wakaenda kulala. Sisi tulikuwa bado tunajaribu vipaza sauti. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na makofi yale bado nayatumia.

Sasa lipo jambo kubwa. Jumamosi hii, tarehe 15, anakuja kwa treni Mzee Melkior, kiongozi wa bendi moja ya Tabora. Ameona video yetu fupi iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na anataka kumsikia mpiga dramu kwa masikio yake mwenyewe. Akiridhika, ananichukua kwenye ziara ya miezi mitatu, Tabora, Kigoma hadi Mwanza, nipige mbele ya watu waliotoka nyumbani kwa ajili ya muziki na siyo kwa ajili ya nyama choma. Asiporidhika narudi kuchipukia. Nafasi ya namna hii haijawahi kunijia, na sitegemei ije mara ya pili. Kinachonizuia ni mtu mmoja tu, naye ni wewe, kwa sababu brashi zangu za kupigia unazo wewe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kulielewa tangazo vibaya

Mwezi uliopita Cletus, kwa nia njema kabisa, aliandika kwenye ubao wake wa njiani: NJOONI JUMAMOSI TUMFAGILIE DOTO. Hapa mjini, kumfagilia mtu ni kumkubali, kumshangilia, kumpa moyo. Vijana wote wanajua. Dereva wa bodaboda aliyekuletea habari Magamba hakukufafanulia. Alikuambia maneno kama yalivyoandikwa, nawe ukayaelewa kama ulivyoyaelewa, kwamba mtoto wa marehemu kaka yako anaishi kwenye uchafu hadi watu wanaitwa kwa tangazo waje wamsaidie.

Ukaja. Saa tisa alasiri, na ufagio wako wa nyasi, pamoja na Mama Lidia na Mama Pelagia wa kikundi chenu cha kanisani, kila mmoja na ufagio wake na kanga kiunoni. Mlisalimia meza zote vizuri. Mkauliza Doto anakaa upande gani, mkaonyeshwa jukwaa, mkaanza kazi kuanzia getini. Mlifagia bustani yote. Mlifagia chini ya meza zenye watu. Wateja waliokuwa na supu waliifunika kwa viganja, na hakuna aliyethubutu kulalamika, maana kila mmoja wao ana shangazi. Mlipofika jukwaani nilikuwa nimeshakaa kwenye dramu, nikiwa na kofia yangu ya maonyesho. Ulinigonga kifundo cha mguu kwa ufagio, nami nikainua miguu yote miwili bila kufikiri. Mwili huu bado unakutii kabla mimi sijaulizwa.

Unakijua kiangazi na vumbi lake. Egide alikohoa hadi akaketi. Kinanda cha Pudensiana kilibadilika rangi, na vitufe viwili hadi leo havirudi juu vikibonyezwa. Mlipomaliza, wateja walipiga makofi yao ya kwanza ya kweli tangu bendi yetu ianzishwe. Nilisimama nikainama kushukuru, halafu nikaona wanawatazama nyie.

2. Kuhusu baraka kutoka

Tulianza kupiga saa kumi na moja na nusu. Jua lilipozama tukawa tumefika kwenye wimbo wetu wa polepole, unaohusu mwezi. Kwenye wimbo huo mpiga dramu huweka vijiti chini na kushika brashi. Kwa faida ya watakaopata nakala ya barua hii, brashi ni vishikio viwili vyenye nyuzi nyembamba za waya zilizotawanyika mbele. Unazikokota juu ya ngozi ya ngoma ndogo, nayo inatoa sauti ya shwaa, shwaa. Za kwangu nilizitengeneza mwenyewe kwa nyuzi za breki ya baiskeli ya Kulwa. Kulwa amenisamehe. Aliangukia mahali palaini.

Sikufika shwaa ya tatu. Ulisimama kutoka kwenye kiti ulichopewa, ukasema kwa ile sauti yako ya kuitia ng'ombe: "Doto, weka chini. Jua limeshazama. Nyie watu wa mjini mnamwangalia tu mtoto anafagia usiku, baraka zote za hapa si zinatoka?"

Sasa, Cletus ni mtu wa miwani ya jua na maneno ya uwekezaji. Nilitegemea acheke. Lakini kumbe mama yake, kule Ufipa, alimlea kwa sheria hiyo hiyo. Alitazama kaunta, akatazama brashi zangu, akatazama geti lililokuwa wazi, akaenda kulifunga. Mzee Zefania wa meza ya tatu, mteja wetu wa kudumu na mtu mrefu kuliko wote Mpanda, aliivuta bia yake karibu na kifua. Tangu siku hiyo nimepigwa marufuku kugusa brashi baada ya jua kuzama. Wimbo wa mwezi sasa tunaupiga wa kwanza kabisa, jua likitupiga usoni, na Pudensiana akiimba sehemu ya nyota hukinga macho kwa mkono.

3. Kuhusu kuambiwa sijui kufagia

Hili ndilo lililoniuma. Jumamosi iliyofuata ulirudi. Nilidhani umekuja kuomba radhi, kwa hiyo nilikuandalia kiti cha mbele. Ukavua kandambili, ukaweka mikono mapajani, ukanisikiliza kwa makini ambayo hakuna mtu amewahi kunipa. Nilijisikia vizuri mno. Nilizungusha brashi kwa madoido, nikafumba macho, nikatikisa kichwa kama wanavyotikisa wale wa kwenye simu.

Nilipofumbua macho ulikuwa umesimama mbele yangu. Ukasema, na kipaza sauti kikakudaka: "Doto, hivyo ndivyo nilikufundisha? Unazungusha taka palepale. Pembeni hujagusa hata kidogo. Watu watasema huyu hakulelewa."

Naomba nieleze kitaalamu kwamba kuzungusha ndiyo mtindo wenyewe. Wapigaji wakubwa duniani wanazungusha. Somo hilo nililitazama hadi dakika ya nne, bando likaisha wakiwa bado wanazungusha. Inawezekana baadaye waliacha. Hilo siwezi kulithibitisha.

Ukapanda jukwaani. Ukanipokonya brashi zote mbili, moja ukanirudishia nikushikie. Kiti ulikikataa. Uliinama juu ya ngoma, mkono wa kushoto mgongoni, vilevile unavyoinama uwanjani kwako, ukaifagia ile ngoma kuanzia pembeni kuja katikati, ukakusanya, ukatupa. Pembeni, kukusanya, kutupa. Hukuhesabu. Hukutikisa kichwa. Hukutoa hata pigo moja la kuonyesha kwamba upo. Egide, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinitazama mikono kwa wasiwasi ili ajue nitaangukia wapi, aliacha kutazama mikono ya mtu yeyote, akainua uso, akakufuata. Pudensiana akamfuata Egide. Mlikwenda hivyo dakika tatu nzima, na mimi nimesimama pembeni na brashi moja, nikiwa sijui niiweke wapi.

Watu waliacha kutafuna. Halafu wakaanza kupiga kelele, "Shangazi, tunakufagilia!" Nawe ukawajibu bila kuinua kichwa, "Kafagilieni kwenu, hapa natosha mimi." Wakazidi. Pale nyuma kuna mtu alikuwa amenyanyua simu yake tangu mimi nikipiga, lakini hilo la simu nisingependa kuliongelea sana katika barua hii.

4. Kuhusu kuzuiliwa kwa vifaa vya kazi

Ulipomaliza ulizifunga brashi zangu kwenye ncha ya kanga, ukaondoka nazo. Ukaacha agizo kwamba nitazipata nikija Magamba kufagia uwanja na zizi wiki nzima, kila alfajiri, hadi mkono ukae sawa. Mimi ni msanii, Shangazi. Nina ratiba. Ratiba yenyewe ni Jumamosi peke yake, lakini ni ratiba.

Tangu hapo wimbo wa mwezi naupiga kwa vijiti vya mishikaki nilivyovifunga pamoja kwa mpira, na wapo wateja walioniuliza nyama yake imekwenda wapi. Wakati huohuo Kulwa ananiambia kwamba brashi yangu moja unapangusia unga kwenye meza, na nyingine unamkuna nayo ndama wako masikio. Eti ndama ameizoea, ikichelewa analia. Eti akikunwa anachezesha mkia kwa mpangilio, hapotezi hata mara moja. Kulwa amenisisitizia hilo la kutopoteza, nikajua anaongelea breki yake. Mimi nilizaliwa robo saa baada ya Kulwa, na tangu siku ile kila kitu nakifikia wenzangu wakiwa wameshafika, pamoja na pigo la kwanza la kila wimbo. Sasa nimepitwa na ndama.

5. Kuhusu ubao

Cletus ameupaka ubao rangi upya. Sasa unasomeka: JUMAMOSI, SHANGAZI MFAGIAJI. Chini yake, kwa herufi za kuinamia, ameandika: na bendi. Nilipomuuliza jina langu liko wapi alinionyesha neno "na".

Wiki iliyopita hukuja. Nikawatangazia wateja kwamba Shangazi anapukuchua mahindi. Watatu wakaondoka, mmoja akaniomba namba yako ya simu, na Mzee Zefania akasema atasubiri hadi mahindi yaishe. Mama muuza ndizi wa getini, ambaye siku zote ameniita msanii kwa sauti ya huruma, sasa ananiita mpwa. Na mwalimu wa kwaya, yuleyule aliyenitoa kwaya kwa kosa la kuongeza mapambo kwenye wimbo wa mazishi, alinisimamisha sokoni, akanishika mkono kwa upendo mkubwa, akaniuliza kama una nafasi Jumapili.

Nimevumilia mengi, lakini la mwalimu wa kwaya lilinifanya nikae chini palepale, juu ya gunia la mpunga la mtu.

6. Kuhusu hatari kwa fani nzima

Baada ya kutafakari nimeona jambo hili si langu peke yangu. Shangazi mmoja akiachiwa, wengine watamzuia nani? Ili nisiseme kwa hisia, nilifanya utafiti. Jumatatu niliamka alfajiri, jambo ambalo wasanii hatulifanyi, nikatembea kutoka kwenye mashine ya kukoboa hadi sokoni nikisikiliza. Kila uwanja, shwaa, shwaa. Nilihesabu akina mama kumi na mmoja na mlinzi mmoja wa duka. Wote walikuwa kwenye mwendo sahihi. Yule mlinzi alikuwa hata na kituo kidogo kabla ya kugeuza ufagio, kituo ambacho mimi nimekitafuta miaka minne. Hakuna hata mmoja wao anayejiita anayechipukia.

Ukichukua uwanja hadi uwanja, kutoka Magamba hadi Sitalike, utaona kwamba mkoa huu una wapiga brashi wengi kuliko mahitaji, wote wana uzoefu wa miaka mingi, na mimi ndiye pekee niliyetoka nje ya mstari. Hali hiyo ikijulikana Tabora, Mzee Melkior hatakuwa na sababu ya kuniona. Atashuka kwenye treni alfajiri, asimame barabarani, achague anayemtaka. Nilirudi chumbani nikalala hadi saa nane.

Kwa hiyo, Shangazi, kwa heshima zote, naomba mambo matatu. Kwanza, brashi zote mbili zioshwe unga na manyoya, zikabidhiwe kwa dereva wa bodaboda kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ndama umwachishe taratibu, sitaki lawama. Pili, Jumamosi usije. Kama itabidi uje, basi uje umekunja mikono, ukae nyuma karibu na jiko, na lolote utakaloliona halijafagiliwa pembeni uliache hivyohivyo kwa ajili ya sanaa. Tatu, umwandikie Cletus barua ukithibitisha kwamba wewe siyo mwanamuziki, hujawahi kuwa, huna nia ya kuwa, na kwamba kilichotokea pale jukwaani kilikuwa ni usafi tu.

Najua utasema Doto amevimba kichwa. Sijavimba kichwa, Shangazi. Nataka tu mara moja katika maisha yangu mtu aje kutoka mbali, anisikilize mimi, aseme huyu anafaa. Nimepiga miaka sita, na hilo sijaambiwa na mtu ambaye hakuwa anasubiri chipsi.

Nisalimie Kulwa na mkewe, uwaambie breki mpya ipo njiani. Nisalimie Mama Lidia na Mama Pelagia, vumbi lao bado tunalo. Wasalimie majirani wote hadi kule kisimani, na ng'ombe wote kwa majina yao, isipokuwa yule ndama, ambaye naona salamu zangu anazipata masikioni kila siku. Nikisubiri utekelezaji, mimi ni mpwa wako mtiifu, miguu ikiwa imeinuliwa.

Doto Maduhu Malale

Nakala:
Cletus, mwenye baa (kwa taarifa na kwa kurekebisha ubao)
Egide na Pudensiana (wajue nimepambana)
Kulwa (akusomee, kama miwani yako haijapatikana)

Tanbihi. Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Barua hii ilikuwa iondoke leo asubuhi na bodaboda. Nikasema ngoja nimalize chai. Mzee Melkior akapiga simu.

Alitaka kuthibitisha safari. Ni mzee mpole, anaongea kama mtu anayepima unga. Akaniambia ile video ameirudia mara nyingi. Alisema mwanzoni alikaribia kuizima, maana kuna mtu anahangaika na ngoma kama aliyepoteza funguo gizani. "Halafu mpiga ngoma akatulia," akasema. "Akaacha kujionyesha, akaanza kufanya kazi. Hicho ndicho nakuja kusikiliza." Uso hakuuona, kwa sababu kwenye picha nzima kinachoonekana ni kisogo cha Mzee Zefania, na aliyeisambaza alikata maneno na kelele, akaacha muziki tu. Akaniuliza, "Ni wewe yule?"

Nikasema ndiyo.

Shangazi, video ile ina dakika nne. Dakika ya kwanza ni mimi. Tatu zilizobaki ni wewe. Nilikuwa najua hivyo jana nilipokuwa naandika, ndiyo maana nimeandika kurasa sita nikizunguka palepale bila kugusa pembeni. Leo nimeisikiliza hadi chaji imeisha. Nilifumba macho, siyo kwa madoido, na nikajikuta niko kwako, mwaka ule baba alipofariki, mimi na Kulwa tumelala kwenye mkeka mmoja. Kulwa alikuwa anaamka na jogoo. Mimi nilikuwa nasubiri ufagio. Nikiusikia nilikuwa najua umeamka, upo, na siku ile itakwenda sawa, ndipo nilikuwa nageukia upande wa pili na kulala vizuri. Miaka sita nimenunua bando nikitafuta sauti hiyo kwa watu nisiowajua.

Nina aibu, na ninaogopa sana. Nimemdanganya mzee wa watu anayepanda treni kesho kwa ajili yangu. Sitampigia tena. Nitamweleza akiwa amekaa, na wewe ukiwa umekaa pembeni yake, siyo karibu na jiko.

Kwa hiyo kuanzia namba moja hadi namba sita naomba uhesabu sikuandika. Bodaboda usimpe kitu. Ile wiki nzima uliyoitaka hatuna tena, tuna asubuhi mbili. Nitafika kesho kabla hakujakucha, na barua hii nitakusomea mwenyewe, nikiruka panaponifaa.

Uwanja usiufagie. Niachie.